Somo: Kuutafuta mshipa wa shingo wa mbuzi kabla ya kuchoma sindano

Vijana wa mifugo wa Misungwi, Magu na Sengerema, somo hili la kumtoa mbuzi damu ya vipimo ni lenu. Mbuzi akichomwachomwa ovyo anateseka, na mfugaji hatakuita tena. Sindano ibaki kwenye pakiti yake kwanza. Mkono ndio uanze kazi.

Hatua ya 1. Msaidizi amsogeze mbuzi kwenye kona ya zizi, ainue kichwa kiasi na kukigeuza kidogo upande wa pili. Asivute sana: shingo ikikazwa, mshipa unalala bapa.

Hatua ya 2. Lowesha manyoya kwa spiriti, kisha pitisha kidole kando ya koromeo. Utakuta mfereji kati ya misuli miwili, mmoja unakwenda begani, mwingine unashuka kidarini. Humo, chini ya ngozi tu, ndimo inamopita vena kubwa ya shingo, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni. Inaanzia nyuma ya kona ya taya, zinapokutana vena zinazotoa damu usoni, kwenye ulimi na tayani.

Hatua ya 3. Hapa naomba tuelewane vizuri. Kandamiza kwa kidole gumba upande wa chini, karibu na kifua. Wengi wanaziba juu, karibu na taya, halafu wanasema mbuzi hana mshipa! Damu ya vena inatoka kichwani kwenda moyoni, kwa hiyo ukiziba chini inajaa juu ya kidole. Mshipa uliojaa unabonyea kama mpira laini wenye maji. Ugonge kwa mkono wa pili, utaona wimbi likipita. Achia kidole, unanywea. Usiponywea, ulichoshika ni msuli.

Hatua ya 4. Choma katikati ya shingo au juu kidogo, kwa sababu kadiri unavyokaribia kifua ateri ya karotidi, mshipa unaopeleka damu kichwani, inaisogelea vena. Sindano ya geji (namba ya unene) 18 au 20, mshazari, tundu la ncha likitazama juu. Vuta taratibu. Mililita 5 zinatosha vipimo vingi, na mbuzi wa kilo 20 ana damu karibu lita 1.4, kwa hiyo mtoe mfugaji hofu.

Hatua ya 5. Achia kidole gumba kwanza, ndipo uchomoe na kukandamiza kwa pamba. Tyubu ya kifuniko chekundu ni ya seramu (majimaji yanayobaki damu ikiganda), zambarau ni ya damu isiyoganda. Ya seramu iache igande kivulini kabla ya kuiweka kwenye kasha la barafu, hasa wenzetu wa Ukerewe mnaovuka na kivuko kuleta sampuli maabara ya TVLA (Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania) Mwanza.

MASWALI

Magu: Shikamoo daktari. Damu ikiruka kwa mapigo, nyekundu ya kung'aa?
– Marahaba. Hiyo ni ateri. Chomoa, kandamiza dakika 5 bila kuchungulia, na upande huo usiuguse tena siku hiyo.

Nyamagana: Binti yangu anasoma biolojia, anauliza kama kangaruu naye hutolewa damu shingoni.
– Mpe hongera. Vena ya shingo anayo, ila mara nyingi hutumika ile ya pembeni mwa mkia, iliyo karibu na ngozi.

Sengerema: Kushoto au kulia?
– Kwa sampuli, popote. Kwa kuingiza dawa napendelea kulia, maana umio (njia ya chakula) kwa kawaida umelalia kushoto.