Laptopu Inaganda Wakati wa Kuwaka: Anza kwa Kuangalia Imekwama Wapi

Laptopu ikianza kuganda inapowashwa, wengi huipeleka moja kwa moja "ikapigwe Windows". Inarudi nyumbani nyepesi, picha na kazi zote zimefutika, na baada ya wiki mbili inaganda palepale. Kupiga Windows upya hutibu aina moja tu ya tatizo hili. Diski inayokufa, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) iliyolegea na feni iliyojaa vumbi havijali umeweka Windows mara ngapi. Kwa hiyo kabla ya kugusa kitu, iwashe, kaa mbele yake, na uangalie imefika wapi ndipo ikakwama.

Maelezo haya ni ya mashine za Windows 10 na 11, hasa zile za kiofisi ambazo wengi hununua zikiwa zimeshatumika: HP EliteBook, Dell Latitude, Lenovo ThinkPad na jamaa zao.

Kuna sehemu tatu za kuangalia. Ya kwanza ni nembo ya kampuni ikiwa peke yake, bila vidoti vinavyozunguka chini yake. Ya pili ni vidoti vikiwa vimeanza kuzunguka. Ya tatu ni baada ya kuweka nenosiri. Kila sehemu ina wagonjwa wake.

Hakikisha pia kwamba imeganda kweli. Bonyeza Caps Lock mara mbili tatu na uangalie kitaa chake. Ukiwa umeshafika kwenye skrini ya nenosiri au zaidi, kitaa kikiwaka na kuzimika, mashine bado iko hai, imelemewa tu, kisipobadilika, imeganda. Kama ina taa ya diski, itazame: ikimetameta, kuna kazi inaendelea. Mashine yenye diski ya zamani ya kuzunguka inaweza kuchukua nusu saa ikijikagua. Na ukiona maandishi ya Windows kwamba inaweka masasisho, usiizime hata kama imepita saa moja, alimradi chaja iko kwenye umeme. Kuizima katikati ya kazi hiyo ni njia ya haraka ya kuigeuza laptopu nzima kuwa mbovu.

Ikikwama kwenye nembo

Hapa Windows haijaguswa bado. Mashine inajikagua yenyewe: RAM, diski, kibodi, vifaa vilivyochomekwa. Atakayekuambia dawa ni kupiga Windows hajaiangalia.

Chomoa kila kilichochomekwa: flashi, modemu, kadi ya kumbukumbu, mausi, printa, diski ya nje. Flashi mbovu moja inatosha kuisimamisha mashine, kwa sababu inajaribu kuisoma ikitafuta mfumo wa kuwakia. Kisha toa umeme uliobaki ndani: zima, chomoa chaja, toa betri kama ni ya kutoka, halafu bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 bila kuachia. Rudisha chaja peke yake, washa. ThinkPad nyingi zenye betri ya ndani zina kitundu kidogo chini kwa ajili ya kazi hii. Chomoa chaja, ingiza pini ya karatasi iliyonyooshwa, bonyeza, subiri dakika moja.

Bado? Zima tena, washa huku ukigonga kitufe cha kuingilia BIOS (programu ya ndani inayoamsha mashine kabla ya Windows): F10 kwa HP, F2 kwa Dell na Acer, F1 kwa ThinkPad. Ikikubali kuingia, angalia kama diski imeorodheshwa. Isipoonekana, au BIOS yenyewe ikiganda, fanya jaribio ambalo watu wengi hulisahau: fungua mfuniko wa chini, toa diski, washa bila diski. Ikipita nembo na kulalamika kwamba haioni kifaa cha kuwakia, umemkamata mwizi, ni diski. Ikiganda vilevile, geukia RAM.

RAM inataka mkono mtulivu. Chomoa chaja na waya wa betri ya ndani kwanza. Gusa chuma chochote kikubwa ili kuondoa umeme wa mwilini. Sukuma vibanio viwili vya pembeni kwa nje kwa wakati mmoja. Kipande kitainuka chenyewe upande mmoja, ndipo ukivute kikiwa kimelala mshazari hivyohivyo. Angalia meno yake ya rangi ya dhahabu. Yakiwa na ukungu wa kijivu, yasugue taratibu kwa raba safi ya kufutia penseli, pande zote mbili, kisha pangusa unga wa raba kwa kitambaa kikavu. Unga ukibaki kwenye sloti, umeongeza tatizo. Rudisha mshazari, sukuma ndani hadi dhahabu ikaribie kupotea, ndipo ulaze chini mpaka usikie *ta*. Usiposikia mlio huo, hakijakaa.

Kama kuna vipande viwili, washa na kimoja kimoja, na ujaribu kila sloti. Baada ya kugusa RAM, skrini inaweza kukaa nyeusi kwa dakika moja au zaidi, subiri, usizime. Ukihitaji kununua kipande kipya, soma karatasi iliyobandikwa kwenye cha zamani. DDR3L ni ya volti 1.35 na DDR3 ya kawaida ni volti 1.5; mashine iliyotengenezwa kwa ya kwanza inaweza kuikataa ya pili, ingawa zinaingia sloti ileile.

Jambo moja zaidi la hapa: saa ya mashine ikiwa inarudi nyuma miaka kila ukichomoa umeme, betri ndogo ya ubao, mara nyingi CR2032, imekwisha. Ikiisha, mipangilio ya BIOS inaweza kurudi ya kiwandani. Kwenye Dell nyingi hapo ndipo namna mashine inavyozungumza na diski hubadilika kutoka AHCI kwenda RAID, na Windows iliyowekwa kwa AHCI hukataa kuwaka ingawa haina kosa. Weka betri mpya, kisha rudisha AHCI kwenye BIOS, umemaliza.

Vidoti vinazunguka bila mwisho

Sasa Windows imeanza kusomwa. Wanaoshukiwa ni diski iliyochoka, draiva (programu inayoendesha kifaa) mbaya, sasisho lililoharibika, au mafaili ya mfumo yaliyovurugika umeme ulipokatika.

Ingia kwenye skrini ya ukarabati. Washa, vidoti vikianza bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 mpaka izime. Rudia. Kwa kawaida ukiwasha mara ya tatu itakuja na maandishi ya Automatic Repair. Chagua Advanced options, Troubleshoot, kisha Advanced options tena. Ikikuomba ufunguo wa BitLocker (kufuli la Windows linalofunga mafaili ya diski), ni tarakimu 48, na mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kwenye mashine hiyo. Ifungue akaunti hiyo kwa simu. Bila ufunguo huo mafaili hayafunguki, kwa hiyo unakili mahali leo kama mashine yako bado ni nzima.

Nenda Startup Settings, bonyeza Restart, halafu namba 4 kwa Safe Mode (Windows yenye vitu vya lazima tu). Ikiwaka vizuri hapo, moyo utulie: diski na RAM huenda ni nzima, mwenye makosa ni draiva au programu. Ondoa ulichoweka karibuni, anza na draiva ya skrini na antivairasi. Kama tatizo lilianza baada ya sasisho, rudi skrini ya ukarabati uchague Uninstall Updates, au System Restore uirudishe siku iliyokuwa nzima. System Restore haigusi picha wala nyaraka zako.

Safe Mode nayo ikiganda, ishuku diski, na kuanzia sasa jambo la kwanza ni kuokoa mafaili. Sikiliza kwa sikio: diski ya kuzunguka inayogonga *tik, tik, tik* kisha kunyamaza haina muda mrefu. Usiiendeshee `chkdsk /r`. Amri hiyo husoma diski nzima kipande kwa kipande kwa saa nyingi, na diski mahututi inaweza kukata roho katikati, mafaili yakiwa bado ndani.

Okoa hivi. Kwenye kompyuta nyingine, tengeneza flashi ya Linux Mint (mfumo mwingine badala ya Windows) ya GB 8 kwa programu ya Rufus. Ichomeke, washa huku ukigonga F12 kwa Dell na Lenovo au F9 kwa HP, chagua flashi. Usibonyeze kitufe cha kuinstoli; tumia Linux hiyo kutoka kwenye flashi tu, fungua diski ya Windows, ingia folda ya Users, nakili yaliyo yako kwenda diski ya nje. Ikisema diski inasomeka tu bila kuandikika, hiyo haikuzuii kunakili. Anza na vya thamani: picha, nyaraka, vitabu vya hesabu. Filamu ziwe za mwisho.

Mafaili yakiwa salama, pima. Toa diski, iunganishe kwenye kompyuta nzima kwa waya wa SATA kwenda USB, fungua programu ya CrystalDiskInfo. Tazama mistari 05, C5 na C6. Kwa diski ya kuzunguka, namba inayopanda kwenye mistari hiyo maana yake inapoteza maeneo ya kuandikia, badilisha, usiitengeneze. Weka SSD (diski isiyozunguka) ya inchi 2.5 yenye unene wa milimita 7, GB 240 au 256 yatosha kwa kazi za kawaida. Hapa ndipo kupiga Windows upya kunapokuwa na maana.

Diski ikiwa nzima, rudi skrini ya ukarabati, fungua Command Prompt. Herufi za diski hubadilika humo, kwa hiyo andika `diskpart`, kisha `list volume`, tambua Windows iko wapi, toka kwa `exit`. Tuseme ni C:

`chkdsk C: /f`

`sfc /scannow /offbootdir=C:\ /offwindir=C:\Windows`

Ya pili inaweza kukaa kwenye asilimia moja kwa dakika kadhaa. Iache.

Ikiganda baada ya nenosiri

Skrini nyeusi yenye kishale cha mausi: bonyeza Ctrl+Shift+Esc kufungua Task Manager, chagua kuanzisha kazi mpya, andika `explorer.exe`. Nyeusi tupu: jaribu Windows+Ctrl+Shift+B, huanzisha upya draiva ya skrini. Ikifunguka, zima programu zinazojiwasha zenyewe kwenye ukurasa wa Startup wa Task Manager, na usiache antivairasi mbili zigombane. Drive C isiyo na nafasi pia huigandisha; iachie angalau GB 15.

Kuna dalili moja inayochanganya watu: ukichagua Restart inawaka vizuri, lakini ukiizima na kuiwasha inaganda. Hiyo mara nyingi ni Fast Startup, ambayo huhifadhi hali ya mfumo badala ya kuuzima kabisa. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika `powercfg /h off`. Utapoteza Hibernate (kuzima huku kazi zilizofunguliwa zimehifadhiwa), basi.

Na ikiganda baada ya dakika chache popote ilipo, hata ndani ya BIOS, huku chini kukiwa na moto, fungua feni. Zuia mapanga yake kwa kijiti cha meno unapopuliza vumbi, yasizunguke kwa kasi na kuharibu mota. Futa pesti kavu ya prosesa kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya mchele.

Ikiganda kwenye nembo bila diski, kwa RAM nzima na bila betri, limebaki suala la ubao mkuu. Mpe fundi mwenye vifaa vya kupimia ubao, na umwandikie kwenye karatasi ulichokwisha jaribu.