Zana za Babu: Namna ya Kuzipokea, Kuzisafisha na Kuzirudisha Kazini

Anayerithi sanduku la zana za babu aliyekuwa seremala au mjenzi wa mitumbwi katika mwambao wa Ziwa Victoria hushawishika kwanza kushika msasa na kuanza kung'arisha. Ninamsihi asubiri. Zana iliyofanya kazi miaka mingi hubeba habari za mkono ulioishika, na sehemu kubwa ya habari hizo imekaa palepale penye uchafu, kutu na mikwaruzo, kiasi kwamba asubuhi moja ya bidii isiyo na maarifa yatosha kuzifuta zote.

Hakikisha kwanza kwamba zana hizo ni zako kwa haki. Msimamizi wa mirathi, aliyependekezwa na kikao cha ukoo na kuthibitishwa na Mahakama ya Mwanzo, aziorodheshe moja moja pamoja na mali nyingine, kwa sababu randa au keekee huonekana kitu kidogo, ikachukuliwa siku ya matanga bila mtu kuuliza, kisha ndugu wakaja kununiana kwa ajili yake.

Zikishakuwa mikononi mwako, zitandaze juu ya mkeka mchana, uzipige picha, halafu umwite mzee yeyote aliyewahi kufanya kazi na babu. Muulize kila moja ilitumika kwa kazi gani. Swali hili lina uzito kuliko watu wanavyodhani, hasa kwa zana za mitumbwi. Katika sanduku la fundi wa mitumbwi huenda ukakuta chuma kinachofanana na patasi pana, lakini chenye ncha nene na butu. Hicho ni chuma cha kukalafati, yaani cha kushindilia pamba katika nafasi zilizo kati ya mbao ili maji yasipenye. Ubutu wake ndio kazi yake. Mrithi asiyejua hukinoa akidhani amekuta patasi iliyochoka, na tangu hapo kila kinapogongwa hukata pamba badala ya kuisukuma ndani.

Tazama pia mihuri. Neno Sheffield kwenye patasi au msumeno laonyesha kwamba chuma kilitoka katika mji huo wa Uingereza, na maneno "Cast Steel" yahusu feleji, yaani chuma cha pua, iliyoyeyushwa katika vyungu, njia iliyoanzishwa huko na Benjamin Huntsman katika miaka ya 1740. Chuma cha aina hiyo hupokea makali mazuri sana. Jembe lenye muhuri wa UFI (Ubungo Farm Implements) lilitoka Dar es Salaam, katika kiwanda cha Ubungo. Ukibahatika kukuta jembe la kufuliwa kwa mkono, lenye mkia wa kupenya kwenye mpini badala ya tundu, usilinoe wala usililoweke kabla ya kupata ushauri. Wahunzi wa Buzinza, magharibi mwa Mwanza, walifua majembe yaliyouzwa Usukuma muda mrefu kabla ya yale ya viwandani, na kitu kama hicho ni cha kuhifadhiwa.

Sasa tuje kwenye kutu. Maji ya ziwa letu hayana chumvi, kwa hiyo zana za huku mara nyingi huwa na nafuu kuliko za Tanga au Bagamoyo, ila unyevu wa masika huzifikia hata zikiwa ndani ya sanduku. Kutu nyepesi huondoka kwa kitambaa chenye mafuta ya mashine na msasa laini. Iliyokomaa huhitaji siki nyeupe ya dukani: ondoa mpini na vipande vya shaba, zamisha chuma katika ndoo ya plastiki kwa usiku mmoja, kisha kisugue kwa brashi. Kisuuze kwa maji yenye magadi kidogo ili ukali wa siki uishe, ukifute na kukianika juani mara moja, halafu ukipake mafuta kingali na joto. Ukichelewa, kutu mpya ya rangi ya chungwa hutokea ndani ya muda mfupi. Madoa meusi yakibaki, yaache, hayazuii kazi.

Katika kunoa, ombi langu kubwa ni hili: usipeleke patasi wala jino la randa kwenye mashine ya umeme ya kukatia mageti. Joto lake hupanda ghafla, na ncha ikigeuka buluu, ugumu wake umeondoka. Itabidi sehemu hiyo iondolewe yote. Mawe ya matale yaliyojaa Mwanza yanafaa panga na jembe, lakini chembe zake ni kubwa mno kwa zana za useremala. Tumia kinoo cha dukani, au bandika msasa wa maji juu ya kipande cha kioo cha dirisha, ukianza na namba 220, kisha 400, ukamalizia na 1000. Sawazisha kwanza mgongo wa patasi karibu na ncha, kisha noa upande wa mteremko kwa pembe ya nyuzi 25 hadi 30, mpaka uhisi kijiukingo chembamba cha chuma upande wa pili. Kiondoe kwa kupitisha mgongo kwenye kinoo taratibu.

Mpini uliolegea usiuloweke majini, ingawa wengi hufanya hivyo. Mti hufura na kukaza siku hiyo, lakini kwa kuwa ulibanwa ndani ya chuma wakati wa kufura, ukikauka hulegea zaidi ya awali, na shoka linaweza kuchomoka likiwa hewani. Weka kabari mpya ya mti mkavu. Ikiwa mpini umepasuka, chonga mwingine kwa mti mgumu ulionyooka nyuzi zake, kama mpera uliokaushwa kivulini, na uutunze ule wa zamani, kwa maana mahali ulipolika ndipo kiganja cha babu kilipokaa, nawe utahitaji kipimo hicho unapochonga.

Hifadhi zana zako juu ya rafu ya mbao, mbali na sakafu ya saruji na ukuta unaovuja, na uzipake mafuta upya kabla ya mvua za Machi na za Oktoba. Zile usizozihitaji, mwazime kijana wa ukoo anayejifunza useremala, na uandike tarehe na jina lake kwenye orodha ileile ya mirathi.