Jinsi ya kupima machapisho ya mtafiti bila kumuonea mtu wa fani nyingine

Ukipewa kazi ya kulinganisha watafiti wawili, mmoja wa hisabati na mwingine wa baiolojia ya seli, tafadhali usifungue Google Scholar (mtambo wa Google wa kutafuta makala za kitaaluma) ukasoma h-indeksi ya kila mmoja, yaani namba inayotokana na makala zake na mara zilizonukuliwa, ukamaliza. Hapo ndo watu wanapoonewa, tena kwenye mambo mazito kama kupandishwa cheo na pesa za utafiti.

Anza na usafi wa data, sehemu inayochosha lakini ndo inabeba kila kitu. Majina yanachanganya sana, mtu anaandika jina la kati leo kesho analiacha, mwingine amebadilisha jina baada ya ndoa, na wapo wanaofanana majina kabisa. Muombe mtafiti ORCID yake, ile namba ya utambulisho wa mtafiti yenye tarakimu 16, alafu orodha utakayoipata ulinganishe na CV yake mstari kwa mstari. Ondoa makala zilizojirudia, na zilizofutwa na jarida zitenge pembeni.

Alafu chagua chanzo kimoja cha data za saitesheni, yaani mara ambazo makala imenukuliwa na wengine, ubaki nacho. Google Scholar inahesabu karibu kila kitu, hadi tasnifu na makala ambazo hazijapitiwa na wataalamu, kwahiyo namba zake huwa juu. Scopus na Web of Science zinachuja zaidi ila ni za kulipia, na vitabu pamoja na majarida ya lugha zisizo Kiingereza vinaachwa vingi. OpenAlex ilianza 2022 na data zake ni za bure. Kosa baya ni kumchukulia mmoja namba za Scholar na mwenzake za Scopus, hapo hamna ulinganisho tena.

Sasa h-indeksi. Aliileta Jorge Hirsch, mwanafizikia, mwaka 2005. Unapanga makala kuanzia iliyonukuliwa zaidi, unashuka mpaka pale ambapo nafasi ya makala bado haijazidi idadi ya saitesheni zake. Tuseme mtu ana makala zenye saitesheni 25, 14, 9, 6, 5, 3 na 1. Ya tano ina 5, ya sita ina 3 tu, basi h yake ni 5. Rahisi, ndo maana imependwa. Lakini iangalie vizuri, ile makala ya 25 hata ikifika 2,500 h inabaki 5 ileile, na namba hiyo haishuki hata mtu akiacha kuandika kabisa, kwahiyo mkongwe anampita kijana bila jasho. Hirsch mwenyewe alipendekeza kugawanya h kwa miaka tangu makala ya kwanza, inasaidia kidogo kwenye umri, kwenye fani haisaidii kitu.

Maana fani zinatofautiana kwa jinsi watu wanavyoandika. Makala ya baiolojia kwa kawaida ina orodha ndefu ya marejeo, na kazi mpya zinanukuliwa haraka. Kwenye hisabati orodha ni fupi, waandishi wachache, na makala inaweza kukaa miaka kabla watu hawajaanza kuitumia. Saitesheni zenyewe zinazozunguka kwenye hisabati ni chache, sio kwamba wanahisabati hawafanyi kazi!

Dawa yake ni kuilinganisha kila makala na wenzake, yaani makala za fani ileile, mwaka uleule na aina ileile, maana makala za mapitio hunukuliwa zaidi ya utafiti wa kawaida. Tuchukue mfano wa kutunga: makala ya hisabati ina saitesheni 12, na wastani wa wenzake ni 4. 12 gawanya kwa 4 ni 3.0. Ya baiolojia ina 60, wastani wa wenzake 50, unapata 1.2. Ile ya 12 imefanya vizuri kuliko ya 60, na ungeangalia namba ghafi tu ungempa ushindi mtu asiyestahili. 1.0 maana yake ni wastani wa dunia. Scopus wanatoa kipimo cha namna hii kinaitwa FWCI, OpenAlex nao wanacho, na kwa makala za afya zilizopo PubMed (hifadhidata ya makala za tiba) kuna kipimo kingine, RCR, kinachotolewa bure kupitia tovuti ya iCite ya NIH, taasisi ya utafiti wa afya ya Marekani, ila 1.0 ya RCR inalinganisha na makala zilizofadhiliwa na NIH, usiichanganye na FWCI.

Ukishapata namba ya kila makala usikimbilie wastani peke yake, makala moja iliyolipuka inaweza kubeba nyingine 20 zilizolala. Weka na wastani wa kati (median, yaani namba ya katikati ukizipanga kwa ukubwa), alafu hesabu ni makala ngapi zimeingia kwenye 10% ya juu ya fani yake, mi naona hiki ndo kipimo cha haki kuliko vyote hapa. Mtu mwenye makala chini ya 10 usimpigie hesabu hizi kabisa, soma kazi zake. Na makala ya mwaka jana iache, bado haijapata muda wa kunukuliwa.

Waandishi wenza nao waangalie. Mwaka 2015 timu za ATLAS na CMS, za wanafizikia wa CERN, zilitoa makala ya fizikia yenye waandishi zaidi ya 5,000, sasa ukimpa kila mmoja makala nzima hesabu inavurugika. Gawanya, makala ya watu 5 kila mtu apate 1/5, na kwenye ripoti weka hesabu zote mbili, nzima na ya mgawo.

Impact factor ya jarida, yaani wastani wa saitesheni za makala zake, usimbandike mtafiti, inapima jarida, na tamko la DORA, la kimataifa kuhusu tathmini ya utafiti, limeshalipinga hilo. Kwa watu wa historia na fasihi wanaoandika vitabu, namba hizi zote zinapwaya, watafute wasomaji wa fani yao wavisome hivyo vitabu na waandike tathmini.

Mwisho wa ripoti andika chanzo, tarehe uliyochota data, fani uliyolinganisha nayo, na kama umeondoa saitesheni za mtu kujinukuu mwenyewe. Alafu mtumie mtafiti aione kabla haijaenda kwenye kamati, yeye ndo atajua kama kuna makala yake imepotea.