Namna ya Kupima Ukuzaji wa Amplifaya Masafa Yanapobadilika

Kusema kwamba amplifaya inakuza mara 100 bila kutaja masafa, yaani wimbi linajirudia mara ngapi kwa sekunde, ni kusema nusu ya habari, kwa sababu ukuzaji huo hudumu katikati tu, na masafa yakiwa ya chini sana au ya juu sana hushuka. Ili kujua unaanzia wapi kushuka, andaa jenereta ya mawimbi na osiloskopu (chombo kinachochora wimbi la umeme kwenye skrini) ya chaneli mbili, yenye viingizo vilivyowekwa kwenye DC, kwani ikiwa kwenye AC kapasita yake ya ndani itayapunguza masafa ya chini na kukupotosha.

Ingiza wimbi la sini la 1 kHz lenye 10 mV, kisha tazama linalotoka. Vilele vyake vikionekana vimekatwa, punguza linaloingia, maana kipimo cha wimbi lililokatwa hakifai kitu. Likitoka 1 V, ukuzaji ni 100, yaani 40 dB (desibeli, kipimo cha uwiano), na hicho ndicho kipimo chako cha kulinganishia.

Sasa badili masafa peke yake, kuanzia 10 Hz, 20, 50, 100 na kuendelea hadi 1 MHz, huku kila mara ukihakikisha kwamba zinazoingia bado ni 10 mV. Nasisitiza jambo hili kwa sababu jenereta ikishuka yenyewe utailaumu amplifaya bure. Tafuta mahali volteji inayotoka inapofikia 0.707 V: hapo ukuzaji umepungua kwa 3 dB na nguvu imebaki nusu, na hapo ndipo kikomo.

Upande wa chini, kinachoshusha ukuzaji kwa kawaida ni kapasita ya kuunganishia, ile inayopitisha wimbi kutoka hatua moja ya sakiti hadi nyingine. Kapasita ya 1 µF ikikutana na ukinzani wa 10 kΩ, kikomo ni 1/(2πRC), R ikiwa ukinzani na C kapasitansi, yaani karibu 16 Hz. Ukiweka ya 10 µF, kinashuka hadi 1.6 Hz. Amplifaya isiyo na kapasita hiyo kwa kawaida haina kikomo cha chini.

Upande wa juu kuna jambo la kuvutia zaidi. Kapasitansi ndogo iliyo kati ya besi (mguu wa kuingizia) na kolekta (mguu wa kutolea) ya transista nayo hukuzwa, hivi kwamba 4 pF, katika hatua inayogeuza wimbi na kulikuza mara 100, huonekana kwenye besi kama 404 pF, na ukinzani wa chanzo ukiwa mkubwa, masafa ya juu hupotea hapo hapo.

Mwisho, rudia kipimo cha juu kwa probu (waya wa kupimia wa osiloskopu) ya ×10, yenye kapasitansi ndogo zaidi, badala ya ×1. Kikomo kikisogea juu, ulichokuwa umepima mwanzoni kilichanganyika na kapasitansi ya probu yenyewe.