Kusawazisha fani zilizobobea katika michezo ya kuigiza wahusika mezani

Katika michezo ya mezani ambapo kila mchezaji huigiza mhusika na dadu huamua kama tendo limefanikiwa, kutunga fani mpya, yaani aina ya mhusika yenye ujuzi wake, ni rahisi. Kazi huanza pale fani hiyo inapokaa meza moja na mpiganaji, mchawi na kasisi, kila mmoja akisubiri zamu yake. Mwongozo huu unahusu fani zilizobobea katika jambo moja: mwinda misukule, mtegua mitego, mdukuzi, nahodha. Hizo ndizo zinazosumbua, maana leo ni mashujaa na kesho ni mizigo. Mimi sipimi nguvu za mapigo peke yake. Napima pia nani anacheza na nani anatazama.

Hatua ya 1: Orodhesha yanayotokea mezani

Pitia kumbukumbu za vikao vyako na uandike kila tukio lilikuwa la aina gani: pigano, mazungumzo, upelelezi, safari, wizi. Andika yaliyotokea, si unayotamani yatokee. Kampeni, yaani hadithi ndefu inayoendelea kikao hadi kikao, ikiwa yote ni fitina za ikulu, nahodha hana pa kuelea, na hakuna hesabu itakayomwokoa. Mwambie mchezaji mapema, au ongeza bahari.

Hatua ya 2: Piga hesabu, kisha uutilie shaka wastani

Dadu ya pande 6 ina wastani wa 3.5, na ya pande 8 ina 4.5. Kwenye dadu ya pande 20, kila nyongeza ya 1 huongeza asilimia 5 ya uwezekano wa kufanikiwa. Kwa kuanzia, hizo zinatosha.

Tuseme mpiganaji wa kawaida hupiga kwa dadu ya pande 8 na nyongeza ya 3, naye hulenga sawasawa mara 12 kati ya 20. Hiyo ni 7.5 mara 0.6, yaani alama 4.5 za madhara kwa zamu. Mwinda misukule umempa silaha ndogo, dadu ya pande 6 na nyongeza ya 3, lakini akikabili msukule anaongeza dadu mbili za pande 6. Kwa adui wengine anapata 3.9, kwa misukule 8.1. Misukule ikitokea katika pigano moja kati ya manne, wastani wake ni 4.95. Kwenye karatasi amempita mpiganaji!

Mezani mambo ni tofauti. Mapigano matatu anabaki nyuma ya kila mtu; la nne anafyeka karibu maradufu ya mwenzake, na mpiganaji anajiuliza amekuja kufanya nini. Wastani umeficha vikao viwili vibovu, kimoja cha kila mmoja wao.

Hatua ya 3: Punguza kilele, inua sakafu

Mpe mwinda silaha sawa na ya mpiganaji, na nyongeza ya dadu moja tu ya pande 6. Kisha mruhusu atumie zamu nzima kumsoma adui yeyote; akishamsoma, nyongeza hiyo inafanya kazi dhidi ya adui huyo mpaka pigano liishe. Misukule anaijua tayari, haihitaji kusomwa.

Sasa hesabu upya. Kila zamu yenye nyongeza inampa 6.6. Pigano la zamu tatu: amepoteza moja kwa kusoma, mbili zilizobaki zinampa 13.2, mpiganaji ana 13.5. La zamu nne: 19.8 dhidi ya 18. Wako bega kwa bega, na mwinda ana uamuzi wa kufanya kila pigano: nisome au nipige? Misukule ikija, zamu nne zinampa 26.4, na hakuna atakayemnung'unikia, kwa sababu hiyo ndiyo kazi aliyoiomba.

Hatua ya 4: Asiwe pekee anayeweza, awe anayeweza zaidi

Dungeons & Dragons (mchezo maarufu wa aina hii) ilipotoka mwaka 1974 ilikuwa na fani tatu: mpiganaji, mchawi na kasisi. Mwizi alikuja katika kitabu cha nyongeza cha mwaka 1975, akiwa na asilimia zake za kufungua kufuli, kutegua mitego na kunyata. Mara swali likazuka: wengine je, hawawezi tena kunyata? Kila ujuzi unaoukabidhi fani moja unaweza kuwanyang'anya wengine kimyakimya. Kwa hiyo andika kanuni ya watu wote kwanza (yeyote anaweza kujaribu kutegua mtego, akikosea unalipuka), halafu mpe bingwa kilicho bora: akikosea kwa kiasi kidogo haulipuki, au anaweza kuutegua na kuutumia tena dhidi ya adui.

Hatua ya 5: Usimfungie bingwa chumba chake

Wachezaji wa Shadowrun, mchezo mwingine wa aina hii, wanaujua ugonjwa wa mdukuzi: anaingia kwenye mtandao peke yake, anarusha dadu na mwendesha mchezo (anayesimulia na kuwachezesha maadui), wengine wanachezea simu. Dawa ni kuufanya udukuzi uende zamu kwa zamu sambamba na mapambano ya wenzake, tendo moja kila zamu, na matokeo yaonekane walipo: mlango umefunguka, taa zimezimika.

Hatua ya 6: Chunguza vikomo vya matumizi

Fani yenye uwezo mkubwa mara chache kwa siku inategemea siku iwe ndefu. Toleo la 5 la Dungeons & Dragons, la mwaka 2014, lilikadiria mapambano 6 hadi 8 kwa siku ya safari. Meza yako ikiwa na pambano moja kisha usingizi, mchawi anamwaga kila kitu na mpiganaji anashika mkoba. Hamisha kikomo kiwe kwa kila pambano, au ufanye usingizi uwe mgumu kupatikana.

Hatua ya 7: Jaribu

Endesha pigano lile lile mara mbili, bingwa akiwepo na asipokuwepo. Asipokuwepo, kundi lapaswa kuumia lakini lipite. Likikwama kabisa umetunga ufunguo, si mhusika. Badilisha namba moja kwa wakati, vinginevyo hutajua ipi imefanya kazi. Na mwulize aliyekaa pembeni ya bingwa kabla ya kumwuliza bingwa mwenyewe.