Kutyuni harmonika ya matundu 10 na kuipigia nyimbo za asili

Shaba ukishaikwangua hairudi. Kabla hujagusa ulimi wowote wa harmonika (kile kijibamba chembamba cha shaba kinachotikisika na kutoa sauti), hakikisha kosa liko kwenye ulimi wenyewe, siyo kwenye pumzi yako wala kwenye uchafu. Maelezo haya ni ya harmonika ya matundu 10, ufunguo wa C. Ile yenye matundu ya safu mbili, juu na chini, iache: kila noti yake ina ndimi mbili zilizotofautishwa makusudi ili sauti itetemeke. Ukizilinganisha, utetemo wote unapotea.

Hatua ya 1: Tafuta kosa

Sukutua kinywa kwanza, maana mabaki ya mtori yakiingia kwenye ndimi hukaukia humo. Pasha harmonika kiganjani dakika tano. Asubuhi za Julai, Arusha na Moshi, shaba huwa baridi, mvuke wa pumzi unageuka matone juu ya ndimi na noti zinaziba. Kiangazi tatizo ni vumbi: gonga harmonika taratibu kiganjani, matundu yakitazama chini.

Washa programu ya kutyuni kwenye simu, weka noti ya A iwe 442 Hz, yaani mitikisiko 442 kwa sekunde. Tunaweka 442 kwa sababu pumzi ya kupigia wimbo huishusha sauti kidogo, ikaja karibu na 440, kipimo cha kawaida. Puliza na kuvuta kila tundu kwa upole, kama mtu anayepumua usingizini. Andika kila noti imepanda au kushuka kwa senti ngapi (nusu toni moja ina senti 100), kisha pima tena kesho. Kosa lisilojirudia ni la pumzi. Tundu la 2 na la 3 la kuvuta ndiyo yanayosingiziwa zaidi: anayeanza hunyonya kwa nguvu, sauti inapinda kwenda chini, naye anaamini ulimi umechoka.

Hatua ya 2: Fungua

Unahitaji bisibisi ndogo ya mafundi simu, kisu kikali chenye ncha, na jani jembamba la fila geji, yale majani ya chuma ya kupimia mwanya ya mafundi pikipiki. Ndimi zimefungwa kwenye mabamba mawili ya shaba. Za kuvuta ziko kwenye bamba la chini, upande wa nje. Ukiondoa kifuniko unaziona. Za kupuliza ziko bamba la juu zikitazama ndani, kwa hiyo bamba lenyewe litoke. Kama limefungwa kwa misumari, inua kidogo kidogo kutoka pande zote mbili, na kila msumari urudi kwenye tundu lake.

Hatua ya 3: Kwangua

Ingiza jani la fila geji chini ya ulimi ili usipinde. Kupandisha sauti, kwangua karibu na ncha: ncha ikiwa nyepesi, ulimi hutikisika haraka zaidi. Kushusha, kwangua karibu na shina, pale ulipofungwa kwa ribiti: ukilegea hapo, hutikisika polepole. Kwangua kufuata urefu wa ulimi. Mchubuko wa kukata upana ndipo ufa unapoanzia, na ulimi wenye ufa hautyuniki tena.

Mikwaruzo miwili au mitatu, futa vumbi la shaba, utikise ulimi kwa kucha, shikilia bamba mahali pake, pima. Ndimi fupi za matundu 8 hadi 10 hubadilika kwa mkwaruzo mmoja tu. Ulimi ukikaa kimya, tazama mwanga kati yake na bamba: ncha inatakiwa kuinuka kiasi cha unene wake. Ikiinuka sana, inakula pumzi. Ikilala sana, inaziba ukipuliza kwa nguvu.

Hatua ya 4: Maliza kwa masikio

Tyuni tundu la 4 la kupuliza kwa simu. Kisha puliza la 4 na la 7 pamoja, ulimi wako wa kinywani ukiziba 5 na 6. Zote mbili ni C. Ukisikia wau-wau-wau, hazijakutana. Sahihisha la 7 mpaka mawimbi yatulie. Fanya hivyo kwa 1 na 4, halafu 7 na 10. Noti za E (2, 5, 8 za kupuliza) tunashauri uziache senti 8 hivi chini ya simu, ili zikipigwa pamoja na C na G zisikwaruze sikio.

Ukirudisha skurubu, anzia katikati kuelekea pembeni, ukikaza kwa zamu. Bamba likiacha mwanya, kila noti inalegea.

Hatua ya 5: Wimbo

Anza na nyimbo za noti tano. Waliopita kwaya watazijua hivi: do ni 4 puliza, re 4 vuta, mi 5 puliza, so 6 puliza, la 6 vuta, do ya juu 7 puliza. Ruka 5 vuta na 7 vuta. Angalia mtego wa tundu la 7: kuanzia hapo noti ya kuvuta iko chini ya ile ya kupuliza, kinyume cha ulivyozoea.

Nyimbo za kuitikiana zinakaa vizuri sana kwenye ala hii. Sauti ya kiongozi ipige tundu mojamoja, midomo imechongoka. Waitikiaji wakiingia, fungua midomo upige 4, 5 na 6 pamoja, au oktavu ya 4 na 7. Mguu ushike pigo, usiache.

Ngazi hii ya noti tano ina noti nyingi za kupuliza kuliko za kuvuta, hivyo utaishiwa pumzi katikati ya mstari. Vuta hewa kwa pua pale kiongozi anapomwachia muitikiaji.