Malaysia: kabla ya kukata tiketi, tazama upepo

Watu wakisikia nimetembea Malaysia huniuliza nauli. Mimi huwauliza mwezi. Nchi ile hupigwa na pepo zile zile tunazozijua sisi wa Pwani, kaskazi na kusi, ila kule kaskazi huja na mvua kubwa. Kuanzia Novemba hadi Februari au Machi huipiga pwani ya mashariki, bahari inachafuka na hoteli nyingi za visiwani zinafunga milango. Kwa hiyo likizo ya Desemba ni ya pwani ya magharibi: Melaka, Penang, Langkawi. Ukienda kati ya Mei na Agosti, kusi imeshika, geukia mashariki. Usitake pande zote mbili kwa safari fupi, labda uwe unapenda kulala kwenye basi.

Mimi ni mpishi wa shughuli hapa Mombasa, harusi na maulidi, na nilikwenda na mdogo wangu wa kike. Basi mwongozo huu umeegemea tumbo. Mwenye haja ya maduka makubwa atafute mwingine.

Ya karatasi niyamalize haraka. Wakenya na Watanzania huingia bila viza kwa matembezi mafupi, ila hakikisha tena kabla ya kulipa nauli, maana masharti hubadilika. Jaza fomu ya kuingia ya mtandaoni iitwayo MDAC ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Ni bure, tovuti ikikudai pesa, toka. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ikae pamoja na pasipoti, isizame ndani ya sanduku. Soketi zao ni hizi hizi zetu za matundu matatu. Hotelini utadaiwa kodi ya utalii, ringgit 10 kwa chumba kwa kila usiku, na mara nyingi haimo kwenye bei uliyoiona ulipoweka nafasi. Usigombane na msichana wa mapokezi, si yeye aliyeitunga.

Kuala Lumpur mpe siku mbili. Kutoka uwanja wa ndege, treni ya KLIA Ekspres hukufikisha stesheni kuu ya mjini, KL Sentral, kwa dakika 28 hivi, lakini mkiwa wawili au zaidi, gari la Grab, teksi ya kuitwa kwa simu, huenda likawa rahisi. Minara ya Petronas itazame jioni kutoka bustani iliyo chini yake, haikugharimu kitu. Batu Caves, hekalu la Wahindu lililo ndani ya pango, panda asubuhi kabla jua halijakolea, maana ngazi ni 272. Wanawake hutakiwa kufunika magoti, na pale chini wapo wanaouza na kukodisha vitambaa. Sisi tulijifunga leso zetu tukapita. Tumbili wa pale ni wezi. Ndizi usiipande nayo.

Sasa chakula. Chai ya asubuhi usinywe hotelini. Tafuta mkahawa wa mamak, ndio wale Waislamu wenye asili ya Kitamil, uagize roti canai na teh tarik. Roti ile ni chapati iliyorushwa hewani mpaka ikawa nyembamba kama mtandio, ikakunjwa na kukaangwa, ikaletwa na mchuzi wa dengu. Chai humiminwa kutoka juu mpaka itoe povu, na maziwa yake ni ya kopo yenye sukari nyingi. Sema "kurang manis" wakupunguzie.

Nasi lemak inunue njiani, ile iliyofungwa kwenye jani la mgomba, mapema kabla haijaisha. Ni wali wa nazi uliotiwa jani la pandan, jamaa wa mkadi wetu, ukawekewa dagaa wa kukaanga, njugu, tango, yai na sambal ya pilipili. Nitasema kweli yangu: wali wetu unashinda, tui lao jepesi. Lakini sambal ile, tamu na kali kwa pamoja, ikikutana na dagaa wakavu, sina la kujibu. Siku hizi naiweka kwenye meza za harusi na hairudi jikoni. Kwa asiyekula nguruwe, angalia ukutani alama ya halali ya JAKIM, idara ya serikali ya mambo ya Kiislamu. Vibanda vingi vya Wachina hutumia mafuta yake hata pale nyama yenyewe haionekani. Ukijaliwa kufika mwezi wa Ramadhani, masoko ya futari hufunguka alasiri, na hapo nenda na begi tupu.

Kutoka Kuala Lumpur, basi la Melaka huondokea kituo cha TBS, mwendo wa saa mbili kama barabara haijafunga. Wenye kutaka soko la usiku la Jonker waende Ijumaa hadi Jumapili. Wenye kutaka usingizi na bei nafuu, siku nyingine. Wareno waliuteka mji huu mwaka 1511, zaidi ya miaka themanini kabla hawajaanza kutujengea Ngome ya Yesu mwaka 1593. Ngome yao ya Melaka Waingereza waliibomoa, umebaki mlango mmoja. Mdogo wangu alikataa kupigwa picha hapo, akisema kwetu tuna ngome nzima. Usiache Masjid Kampung Kling wa mwaka 1748, wenye paa la ngazi ngazi na mnara mfano wa pagoda. Baiskeli za miguu mitatu zilizovishwa wanasesere na kupiga muziki ni za kuchekesha. Patana bei kabla hujakaa.

Penang panda treni ya ETS hadi Butterworth, saa nne hivi. Kata tiketi mapema kwenye programu ya KTMB, shirika lao la reli, hasa ikiwa ni karibu na Idi au shule zimefunga. Feri ya kuvukia kisiwani iko jirani na stesheni. Lala ndani ya mji wa kale wa George Town ili utembee kwa miguu, na mchana mmoja ukae foleni ya nasi kandar, wali wa kuchagulia michuzi. Wakikuuliza mchuzi gani, jibu "banjir", wakumwagie yote.

Kwa wa msimu wa kusi: ruka kwa ndege hadi Kota Bharu. Soko la Siti Khadijah limeshikwa na wanawake, wamekaa juu ya meza zao katikati ya mboga na samaki wakavu, na nilijiona nyumbani zaidi pale kuliko popote. Onja nasi kerabu, wali wa buluu uliotiwa rangi ya maua. Kumbuka wikendi yao ni Ijumaa na Jumamosi. Baadaye teksi hadi Kuala Besut, boti hadi visiwa vya Perhentian. Toa pesa taslimu kabla ya kuvuka, kule hakuna mashine ya benki.

Ukitaka kurudi na belacan, wale kamba wa baharini waliosagwa na kukaushwa, chagua kipande kigumu, ukifunge kwa plastiki mara tatu, ukitie kwenye kopo lenye kifuniko, kisha ndani ya sanduku la kupakiwa chini. Nguo za sikukuu ziweke kwenye sanduku la mwenzako.